Gunia Katika Chumba cha Jeneza

Nimeshinda mdahalo mmoja tu maishani mwangu, na ushindi ule nusura umfikishe kaka yangu jela.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya jioni, Mkoani. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa, na ukijumlisha miaka yetu tulikizidi umri kisiwa chenyewe. Alikuwamo mkunga wa hospitali, mchuuzi wa samaki aliyetanguliwa na harufu yake kwa dakika tano nzima, mafundi seremala, na mimi mchukuzi wa bandarini niliyerudi skuli na ndevu. Dawati langu nilikaa na askari polisi wa Bara, Mkristo wa kutoka upande wa Musoma, mrefu hata magoti yake yakiliinua dawati kila alipofikiri. Alitaka cheti apande cheo. Yeye alinifundisha hesabu, mie nikamfundisha historia na namna ya kuamkia wazee wa Pemba. Tukapendana.

Alhamisi moja mwalimu wetu wa Uraia akatuambia kuna nchi ambazo mtu anaingia dukani kununua bangi ya kujiburudisha kama anunuavyo sukari, na anapewa risiti.

"Astaghfirullah," akasema mkunga.

"Risiti ya nini?" akauliza mchuuzi wa samaki. "Airudishe ikiwa haikumlewesha?"

Tulicheka mpaka taa ikatikisika. Mwalimu hakucheka. Aliandika ubaoni: Bangi ikihalalishwa, uhalifu utapungua. Tukapiga kura za vikaratasi. Mie nikaangukia upande wa kukubali, mkunga upande wa kupinga. Tukapewa wiki moja ya kujitayarisha. Nilidhani nitajitayarisha vitabuni.

Jumatatu ya wiki hiyo kijiji chetu, kule vilimani kwenye mikarafuu, kilivuka karibu chote kwenda kisiwa cha Makoongwe kwenye maziko. Jirani yetu mjane, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mkubwa, alianika karafuu zake za msimu mzima kwenye majamvi mbele ya nyumba, akafunga mlango, akaenda kuzika. Jua lilikuwa kali la kukaanga yai. Adhuhuri ikashuka mvua ambayo mfano wake sikuwahi kuuona. Matone yalikuwa makubwa kama madafu.

Sasa, kwetu mvua haimtambui mwenye mali. Ikianza, aliye karibu huzianua karafuu anazoziona, ziwe zake au za jirani, wawe wanasemezana au wamenuniana tangu babu zao. Ukirudi, unauliza tu, "Nani kanianulia?" na mtu anakuonesha zilipo. Mama Mkubwa alirudi amelowa, akayakuta majamvi yamekunjwa vizuri, yameegemezwa ukutani. Karafuu hazipo.

Akapita nyumba kwa nyumba. "Nani kanianulia, jamani?" Hakuna aliyeitika. Baada ya Alasiri swali likabadilika midomoni mwa watu. Haikuwa tena nani kaanua. Ikawa nani kaiba.

"Mwizi gani huyo anayekunja jamvi?" aliuliza Mama Mkubwa, lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu jibu lilikwisha patikana. Wavuta bangi. Na kijijini petu, ukisema wavuta bangi kwa wingi, unamsema mtu mmoja kwa heshima: kaka yangu.

Kaka alikuwa mchumaji hodari. Nikisema hodari nakusudia alipanda mkarafuu nyani wakakaa chini kujifunza. Misimu miwili iliyopita tawi lilimkatikia, akaanguka, mguu na kiuno vikaharibika. Tangu hapo akaanza kuvuta. Alisema inamtoa maumivu. Mie sikumuunga mkono wala sikumkataza. Nilifanya wanavyofanya ndugu wengi, niligeuza pua upande wa pili. Siku ile ya maziko hakwenda. Alisema mguu unamuuma.

Niliporudi kutoka mazikoni nilimkuta kitandani, amekodoa macho darini.

"Ulikuwa wapi mvua ilipokuja?"

"Nimelala."

"Humu ndani?"

"Kwani n'na nyumba ngapi?"

Shati lake lilikuwa limetundikwa mlangoni, linachuruzika maji. Nililitazama, naye akaniona ninalitazama. Usingizi wangu uliishia pale mpaka Ijumaa.

Sheha wetu, kiongozi wa serikali hapo kijijini, akatoa tangazo msikitini. Aliyechukua karafuu za mjane amepewa muda mpaka Ijumaa. Azirudishe kimya kimya mlangoni kwa mwenyewe, na hataulizwa. Asiporudisha, baada ya sala ya Alasiri itasomwa Halbadiri.

Kwa aliyelelewa Pemba, neno hilo haliingii sikioni, huingia tumboni. Ni dua nzito ya kumshitaki mdhulumu kwa Mola, na aliyechukua cha watu huambiwa atapata wazimu au atavimba. Utotoni nilisimuliwa habari za mtu aliyevimba mpaka ukabomolewa mlango ili atolewe. Kila aliyenisimulia aliongeza mlango, na mimi nilipoanza kusimulia nikaongeza ukuta. Lakini usiku wa Jumatatu ile sikuongeza kitu. Nilisikiliza kaka anavyopumua chumba cha pili, nikajiuliza kama tumbo lake liko vile vile.

Na ule muda wa kurudisha kimya kimya nao ulikuwa kichekesho, ila hakuna aliyecheka. Walimpa mwizi siku nne za siri, halafu kijiji kizima kikahamia kwenye baraza ya mjane kuiangalia hiyo siri inavyopita. Walikuja na vikombe vya chai, wakaja na bao. Wakwe zake wawili walikuja na magongo. Hata kama angetaka kurudisha malaika, angeogopa.

Kila siku nilimuuliza kaka kwa njia tofauti, naye kila siku akanijibu kwa njia ile ile. Jumatano akakasirika. "Wee unakaa dawati moja na polisi," akasema. "Nikikwambia leo nimekula muhogo, kesho kituo kizima kinajua ulikuwa na chumvi."

Ndivyo nilivyokwenda kwenye mdahalo.

Sikukusudia kumtaja mtu. Nilisimama mbele ya darasa, nikaanza na mizaha yangu. Nikasema bangi ikiwa halali, uhalifu utapungua siku hiyo hiyo kabla ya chai ya asubuhi, maana wale walioamka wahalifu wataambiwa kumbe walikuwa wateja. Watu wakacheka. Nikanogewa. Na mie nikinogewa, ulimi wangu hauna breki.

"Kuna mtu namjua," nikasema, "namjua kama kiganja changu. Anavuta tangu alipoanguka mkarafuu. Hajaiba hata embe lililojiangukia lenyewe. Lakini karafuu zikipotea leo, anatafutwa yeye. Na hata akiwa na neno la kumwokoa, hawezi kulitoa! Kwa sababu kabla hajaulizwa alichokiona, ataulizwa alikuwa akifanya nini pale alipokionea. Sheria imemziba mdomo. Sasa hapo nani kapata faida? Mwenye karafuu? Serikali? Kapata mwizi wa kweli, anayekunywa chai yake na maziwa!"

Niliyasema kwa sababu yalipendeza kinywani. Sikujua kwamba nimesema kweli tupu.

Mkunga akasimama polepole, akafunga vizuri mtandio wake. "Ndugu yangu hapa kasema maneno matamu," akasema, "na mie sitamshinda kwa utamu. Nitasema hivi tu. Ukiung'oa mlango, hutasikia tena kesi ya mlango kuvunjwa. Imepungua, kweli. Lakini walio ndani watalalaje? Vijana mnaowaleta kwangu vichwa vimewaruka, mie siwaulizi walichovuta ni halali au haramu. Nawatundikia dripu."

Hakuna aliyecheka. Maneno yale mpaka leo nayarudia kichwani. Lakini zikapigwa kura, mafundi seremala wakanipa zao kwa sababu ya ule mzaha wa chai, nikashinda kura tisa kwa nane. Walinipigia makofi. Mtu mmoja tu, wa dawati langu, hakupiga.

Tukatoka pamoja mpaka barabarani, yeye akikokota baiskeli yake.

"Umesema vizuri," akaniambia yule askari. "Huyo mtu ni kaka yako?"

"Ah, ndugu yangu, nilikuwa natia chumvi. Unanijua."

"Chumvi yako naijua. Ile haikuwa chumvi."

Mwaka mzima tulikuwa tukirudi pamoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia mlio wa magurudumu ya baiskeli yake.

"Sheha wenu ameomba nije kesho nisimame nje ya msikiti," akasema. "Anaogopa mtu atatajwa, watu watamuua kwa magongo. Nitakuja. Sasa nisikilize. Karafuu zikionekana, hiyo ni kesi ya sheha na wazee, watazungumza, watasameheana. Bangi ikionekana, hiyo ni kesi yangu. Mimi nikiiona, nimeiona. Usije ukasema tulikaa dawati moja."

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta kaka uani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kama aliyesahau kinavaliwa wapi. Nikamwambia kila kitu: mdahalo, maneno yangu, askari. Nilingoja anipige. Badala yake akakaa chini kwenye kinu.

"Sikuziiba," akasema. "Nilizianua."

"Ziko wapi?"

"Chumba cha jeneza."

Kila msikiti kwetu una pahala pa kuwekea jeneza. Chetu ni kijichumba cha mawe nyuma ya msikiti, mkabala na nyumba ya Mama Mkubwa, mlango umefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Hakuna anayeingia mpaka afe mtu. Na ndiyo sababu kaka alikuwa akikitumia. Miezi yote ile, alipotaka kuvuta mchana, aliingia mule, akakaa chini kando ya jeneza, pahala pekee Pemba nzima ambapo hakuna jirani wa kuuliza mwanangu hujambo.

"Mvua ilinikuta mule," akasema. "Nikaona karafuu zake zinalowa. Watu wote Makoongwe. Mlango wake una kufuli. Nilizisomba na hili guu langu, safari tatu, nikazitia gunia, nikazificha mvua mle mle. Nikakunja na majamvi. Nilikuwa n'nangoja arudi nimwambie. Alipofika nikafikiri: ataniuliza, ulikuwa ukifanya nini kwenye jeneza la Waislamu?"

"Ungesema ulipita tu."

"Kete yangu ya bangi i ndani ya gunia."

Nikakaa chini karibu na kinu.

"Nilikuwa nayo mkononi, kwenye kipande cha gazeti. Nikasomba kwa mikono miwili. Nilipokumbuka imeshazama. Siku ya pili nikataka kuingia kuitafuta, baraza imejaa watu. Jana hivyo hivyo. Nimetia mkono kwenye kidirisha cha nyuma tu, nikaligusa gunia. Zimeanza kupata moto."

Karafuu zisizokauka zikifungiwa hupata moto, kisha huvunda. Siku nne. Msimu mzima wa mjane ulikuwa ukioza kando ya jeneza, hatua ishirini kutoka kwenye baraza iliyojaa walinzi wake.

"Basi nyamaza," nikamwambia. Nayaandika haya kwa aibu. "Halbadiri haimshiki aliyeanua."

"Na aliyenyamaza?" akaniuliza.

Mie, mshindi wa mdahalo, nikachukua kile kiatu mkononi mwake, nikamvisha.

Alasiri ile msikiti ulifurika mpaka uwanjani. Wanawake walisimama upande wa nyumba ya Mama Mkubwa, yeye mwenyewe mbele, kanga kajitanda, uso wake hausomeki. Askari alisimama nje ya uzio, kofia mkononi. Shehe wa msikiti alikaa kwenye mkeka, wanafunzi wake wamemzunguka, ubani unafuka. Nilikuwa nimesimama karibu na kaka, ninasikia meno yake. Au yalikuwa yangu.

Shehe akafungua kinywa.

"Shehe, msisome," akasema kaka.

Hakusema kwa sauti. Lakini pale hata nzi walikuwa wametulia, na kila mtu alisikia.

"Nilizianua mie. Hazikuibiwa. Zipo."

Mtu mmoja akapiga kelele, "Si n'liwaambia!" na wale wakwe wawili wakaja na magongo yao. Askari aliruka uzio kwa ile miguu yake, hatua moja tu, nadhani kutoka Musoma mpaka Pemba angetumia nne. Akasimama kati.

"Mwacheni aseme."

"Ziko wapi?" akauliza sheha.

"Chumba cha jeneza."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye minazi. Sheha akasogea mpaka pua yake ikakaribia kidevu cha kaka. "Na wewe ulikuwa ukifanya nini chumba cha jeneza?"

Lile lile swali. Nililisema mwenyewe mbele ya darasa, nikapigiwa makofi. Kaka akafungua mdomo, na nikajua atasema kweli, maana alikuwa amekwisha choka.

"Mvua ilimuuliza hivyo?" akasema Mama Mkubwa.

Watu wote wakageuka.

"Nauliza. Mvua ilipokuwa inanyesha, ilimuuliza anatokea wapi? Nendeni mkafungue, karafuu zangu zinaungua."

Gunia likaletwa, likamwagwa kwenye jamvi. Mvuke ukatoka. Harufu ilikuwa nzito, tamu na chungu, na tayari ilikuwa na uvundo pembeni. Mama Mkubwa akapiga magoti, akatia mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akaanza kuzitawanya, zilizovunda upande huu, zilizopona upande ule. Askari naye akasogea, akachuchumaa mbele yake.

Nikaiona kabla yao. Ncha ya gazeti, imechungulia kwenye rundo. Mkono wa Mama Mkubwa ukapita juu yake, ukarudi, ukasimama. Akaifinya. Harufu yake aliijua. Alikuwa jirani yetu, na kwa misimu miwili upepo wa kwetu ulipitia jikoni kwake.

"Nini hicho, mama?" akauliza askari.

"Makonyo."

Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Mtoto wa miaka mitatu anayajua.

"Kwenye gazeti?"

"Ya dawa, mwanangu. Ya tumbo." Alikuwa anamtazama machoni. "Kwani nyie kwenu Bara mkiumwa na tumbo mnachemsha nini?"

Huku akisema, vidole vyake vilikuwa vikifunga kile kigazeti kwenye pindo la kanga, fundo la kwanza, fundo la pili, taratibu, kama mtu anayefunga nauli. Askari alilitazama lile fundo. Nami nilimtazama yeye. Nilikuwa najua anachowaza, kwa sababu alikwisha niambia: nikiiona, nimeiona.

Akasimama. Akavaa kofia. Akaangalia juu, mbali, upande wa bahari.

"Wingu lile pale," akasema. "Hamna mlichoanika majumbani?"

Lilikuwa wingu kubwa kama kofia ya mtoto. Lakini ukitamka mvua mbele ya Wapemba wenye karafuu majamvini, hata wafu hujaribu kuinuka. Uwanja ulipukutika. Wanawake walikimbia, wakwe walitupa magongo, wanafunzi wa shehe waliruka chetezo cha ubani, na shehe mwenyewe nilimwona anakwenda kwa mwendo usiolingana na kilemba chake. Mvua haikunyesha mpaka Jumapili.

Karibu theluthi ya karafuu zile zilikuwa zimevunda. Kaka alikaa kwenye jamvi la Mama Mkubwa siku tatu, anachambua, anaanika, anaanua. Mama Mkubwa hakumgombeza mbele za watu. Alimwambia jambo moja tu, nami nilikuwepo: "Ungesema siku ile ile, ningekuwa na karafuu zangu zote. Kunyamaza kwako ndiko kulikoniibia." Kisha kaka akasafisha chumba cha jeneza kwa mikono yake, akaweka kufuli, ufunguo akakabidhiwa shehe. Kile kigazeti Mama Mkubwa anasema alikitia jikoni kwenye moto. Kaka anasema jioni ile mbuzi waliolala nyuma ya jiko waliamka na furaha isiyo ya kawaida. Huyo ni ndugu yangu kweli, na yeye hutia chumvi.

Mkunga alimpeleka kaka hospitali kwa ajili ya mguu, anakwenda kila mwezi. Kuhusu mengine sitamwapia. Ninachojua ni kwamba dirisha langu, nililokuwa nikilifunga kwa moshi wake, sasa nalala limefunguliwa.

Askari aliendelea kukaa na mie dawati moja, lakini wiki mbili hakunisemesha ila kwa hesabu. Siku ya tatu ya wiki ya tatu, bila ya kuinua kichwa kwenye daftari, akasema, "Usinirudishe tena pahala kama pale." Nikamwambia sitamrudisha. Mwalimu alipotaka niurudie mdahalo wangu siku ya kupewa vyeti, mbele ya wageni, nilikataa. Darasa lilidhani naumwa.

Na kaka? Mvua ikianza siku hizi, yeye ndiye wa kwanza kusikika. Kabla hajagusa karafuu ya mtu, husimama katikati ya uwanja na guu lake bovu, akapiga kelele zinazofika Makoongwe: "Naanua mie! Mie hapa! Nimetoka nyumbani, naanua!" Watu wamezoea. Hucheka, wakaendelea na shughuli zao. Mie mwenyewe, kila ninapomsikia, husimama kwanza mpaka amalize.